Kisimbuzi Hakiongezi Picha: Hotuba kuhusu Ubora wa Video kwenye Kompyuta

Mabibi na mabwana, ndugu zangu mliofika kusikiliza,

Nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Tangu nianze kuwasaidia watu na kompyuta zao, hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kama hili: "Nipakue kodeki gani ili video zangu zionekane vizuri?" Ni swali la haki, kwa sababu anayeuliza ameona kwa macho yake video inayokatakata, au weusi uliofifia ukawa kijivu, au uso wa mtu uliomeguka vipande vya mraba. Hata hivyo, swali hilo limebeba dhana ambayo leo nataka tuichunguze kwa utulivu, nayo ni kwamba kodeki, yaani programu inayobana video na kuifungua tena ili ichezwe, ni kama dawa, na kwamba ukiiongeza kwenye kompyuta picha itapona. Sivyo ilivyo, na nitaeleza kwa nini. Kisha nitaeleza ni wapi hasa mtumiaji anaweza kuboresha kile anachokiona, maana nafasi hiyo ipo, na ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa bila hesabu hii kodeki haieleweki. Video ni mfululizo wa fremu, yaani picha moja moja zinazopita haraka mbele ya macho. Fremu moja ya kiwango cha 1080 ina pikseli, yaani nukta za rangi, 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, jumla pikseli 2,073,600. Kila pikseli ikiandikwa kwa biti 24, yaani biti 8 kwa nyekundu, 8 kwa kijani na 8 kwa buluu, fremu moja itachukua takriban megabaiti 6.2. Zikipita fremu 25 kila sekunde, sekunde moja itakula zaidi ya megabaiti 155, na saa moja itakaribia gigabaiti 560. Lakini sote tunajua kwamba faili ya saa moja tunayoihifadhi mara nyingi ina gigabaiti moja au mbili tu. Maana yake ni kwamba zaidi ya asilimia 99 ya kiasi kile cha kwanza haimo ndani ya faili, na bado tunaitazama na kuridhika.

Kazi hiyo ya kubana hufanywa kwa hatua kadhaa zinazosaidiana. Jicho la binadamu hutofautisha mwanga na kivuli kwa ukali kuliko linavyotofautisha rangi, kwa hiyo rangi huhifadhiwa kwa vipimo vichache kuliko mwanga, na hatua hiyo peke yake hupunguza data kwa nusu. Kisha kisimbaji, yaani sehemu ya kodeki inayobana, hutazama fremu zilizo jirani, na badala ya kuandika upya ukuta ambao haujasogea, huandika tu kwamba kipande hiki kimetoka pale kimekuja hapa, pamoja na tofauti ndogo iliyobaki. Tofauti hiyo hupitishwa kwenye ukokotoaji wa aina ile iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, T. Natarajan na K. R. Rao, ambao hutenganisha mabadiliko ya polepole katika picha na mabadiliko ya ghafla. Mwisho namba zinazopatikana hukadiriwa hadi thamani iliyo karibu, na nyingi huwa sifuri. Naomba mkumbuke hatua hii ya kukadiria, kwa sababu ndipo maelezo ya picha yanapotupwa. Nywele zilizogeuka utando laini, ukungu uliojaa viraka, nyasi zilizoungana zikawa zulia la kijani, vyote vimezaliwa hapo, siku faili ilipotengenezwa.

Sasa tukifika upande wa pili, upande wa kisimbuzi, yaani sehemu ya kodeki inayofungua kilichobanwa, tunakutana na jambo ambalo ningependa kila mtumiaji wa kompyuta alifahamu. Kisimbaji kina uhuru mkubwa: visimbaji viwili vinaweza kupewa video ileile na ukubwa uleule wa faili, kimoja kikatoa kazi safi na kingine kikatoa kazi mbovu. Kisimbuzi hakina uhuru huo. Kiwango cha H.264, mojawapo ya miundo ya kubana video, kilichoidhinishwa mwaka 2003, kinaeleza hesabu za kusimbua kwa namba kamili, hatua kwa hatua, kiasi kwamba visimbuzi viwili vinavyokifuata sawasawa hutoa fremu zilezile, pikseli kwa pikseli, biti kwa biti. Katika MPEG-2, muundo wa miaka ya 1990, kulikuwa na mwanya mdogo wa tofauti katika ukokotoaji, H.264 iliuziba, na viwango vilivyofuata vikashika njia hiyo. Kisimbuzi ni kama mtu anayemsomea mwenzake barua: anaweza kusoma kwa kigugumizi au kwa ufasaha, lakini maneno ambayo mwandishi hakuyaandika hawezi kuyasoma.

Basi kama hakiongezi picha, kwa nini tunahangaika nacho? Kwa sababu ya muda. Video ya fremu 25 kwa sekunde humpa msomaji wetu milisekunde 40 kwa kila fremu. Video ya fremu 60 humpa chini ya milisekunde 17. Fremu isipokuwa tayari kwa wakati wake, programu huiruka ili sauti isiachwe nyuma, na hapo ndipo tunaposema video inakatakata. Uzito wa kazi hiyo umekuwa ukipanda mwaka hadi mwaka. HEVC, inayoitwa pia H.265, na VP9 zilitoka mwaka 2013, AV1 ikatoka mwaka 2018, na kila moja ilibana vizuri kuliko H.264 kwa gharama ya hesabu nyingi zaidi. Ongeza hapo kwamba fremu ya 4K ina pikseli mara nne ya fremu ya 1080, na mtaona kwa nini kompyuta iliyokuwa ikicheza kila kitu miaka kumi iliyopita leo inahema.

Ndiyo maana watengenezaji waliweka ndani ya prosesa na kadi za grafiki sakiti maalumu ambazo kazi yake ni kusimbua video tu, kwa umeme kidogo na bila kuisumbua prosesa yenyewe. Intel ilileta teknolojia yake ya Quick Sync mwaka 2011. Uwezo wa kusimbua AV1 ulianza kuonekana mwaka 2020 katika prosesa za Intel za kizazi cha 11 na katika kadi za Nvidia za familia ya RTX 30, na kwa upande wa Apple ulikuja na chipu za M3 mwaka 2023. Sakiti ya namna hii haifundishiki. Kama chipu yako ilitengenezwa kabla ya muundo fulani kuwapo, hakuna faili utakayoipakua itakayoipa sakiti isiyokuwa nayo. Na hata umri si kigezo pekee: kadi nyingi, zikiwemo za kisasa, hazina sakiti ya kusimbua H.264 ya biti 10, yaani inayotumia biti 10 badala ya 8 kwa kila rangi, ingawa HEVC ya biti 10, ambayo ni nzito zaidi, huisimbua bila shida. Nimewaona watu wakiilaumu kompyuta mpya kwa video moja inayokwama, kumbe tatizo ni aina hiyo tu.

Pale ambapo sakiti haipo, ubora wa programu ya kisimbuzi huleta tofauti kubwa sana, na hapa nina mfano ninaoupenda. AV1 ilipotoka, wengi waliamini kwamba kompyuta za zamani haziwezi kuicheza. Mwaka huohuo wa 2018 watu wa VideoLAN, wale wanaotengeneza programu ya kuchezea video iitwayo VLC, pamoja na wenzao, walianza kutoa kisimbuzi kiitwacho dav1d, na sehemu zake nzito waliziandika kwa mkono katika asembli, lugha iliyo karibu sana na ile ya prosesa yenyewe, kwa kila aina ya prosesa. Picha inayotoka humo ni ileile inayotoka katika kisimbuzi kingine chochote sahihi cha AV1; kilichobadilika ni kwamba inatoka kwa wakati, kwenye kompyuta ambazo awali zilikuwa zikishindwa. Huo ndio uboreshaji halisi ambao kisimbuzi kinaweza kuuleta.

Kujua kama sakiti yako inatumika si kazi ngumu. Kwenye Windows, fungua Task Manager, nenda kwenye sehemu ya utendaji, chagua kadi ya grafiki, na utaona mchoro wa kazi ya kusimbua video. Video ikicheza huku mchoro huo umelala chini na prosesa inafukuta, sakiti haitumiki. Kwenye Linux, amri ya vainfo huorodhesha miundo ambayo kadi inaweza kuisimbua kupitia VA-API, njia ya programu kuitumia sakiti hiyo. Katika VLC, ukibonyeza Ctrl na J utaonyeshwa kodeki ya faili, na ukurasa wa takwimu ulio jirani huhesabu fremu zilizopotea; katika mpv, programu nyingine ya kuchezea video, herufi i hutoa maelezo kama hayo juu ya video yenyewe. Ikibainika kwamba sakiti ipo lakini imelala, anza na draiva ya kadi ya grafiki, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, uichukue kwa mtengenezaji wa kadi au wa kompyuta, kisha uangalie mipangilio ya programu, kwa sababu kuna programu ambazo hazitumii sakiti mpaka mwenyewe uamuru. Vivinjari navyo vina swichi ya namna hiyo, na mara nyingi mtu huizima akitatua tatizo jingine akasahau kuirudisha.

Sasa niseme waziwazi kuhusu vifurushi vya kodeki, yale mafaili makubwa yanayoahidi kwamba ukiyasakinisha kompyuta itacheza kila kitu. Vilikuwa na sababu zamani. Programu nyingi za Windows zilitegemea mfumo uitwao DirectShow, ambao uliitafutia kila faili kisimbuzi kati ya vilivyosakinishwa, na kila kisimbuzi kilikuwa na namba ya kipaumbele. Kifurushi kiliweza kuleta visimbuzi kadhaa vya kazi ileile, kila kimoja kikijipandishia namba, na cha pili kikaja kushindana na cha kwanza. Niliwahi kuletewa kompyuta yenye vifurushi vitatu kwa mpigo: sauti ilitangulia picha, na faili za aina moja zilizima programu kabisa kila zilipofunguliwa. Mwenyewe alikuwa ameongeza kifurushi cha tatu ili kuponya madhara ya cha pili. Tuliondoa vyote, tukaweka programu moja yenye visimbuzi vyake ndani, na kazi ikaisha jioni ileile.

Kuna na hatari nyingine kubwa kuliko hiyo. Katikati ya miaka ya 2000 programu hasidi iliyojulikana kama Zlob ilisambaa kwa kujifanya kodeki: mtu alifungua video, akaambiwa inahitaji kodeki fulani, akakubali, akaingiza adui kwenye kompyuta yake kwa mkono wake mwenyewe. Mtego wa namna hiyo bado unatumika hadi leo. Tovuti ikikutaka upakue kodeki ili uione video yake, ifunge.

Na huhitaji vifurushi hivyo. Mwaka 2000 Fabrice Bellard alianzisha mradi wa FFmpeg, na maktaba yake ya libavcodec leo ina visimbuzi vya karibu kila muundo utakaokutana nao. VLC inaitumia, mpv inaitumia, na hata wale wanaopenda programu za mtindo wa DirectShow wana LAV Filters, ambazo zimejengwa juu yake. Programu moja ya namna hiyo, iliyopakuliwa kwenye tovuti ya watengenezaji wake na kusasishwa, inatosha. Jambo la pekee la kuongeza ni kwamba programu za video za Windows zenyewe huenda zikahitaji kiendelezi cha HEVC kutoka duka la Microsoft, kwa kuwa muundo huo una hataza zinazolipiwa leseni. Pia msichanganye kodeki na kasha: MP4, MKV na AVI ni makasha ya kubebea video na sauti, na kubadilisha herufi za mwisho wa jina la faili hakugusi kilichomo ndani.

Nimesema kisimbuzi hakiongezi picha. Lakini fremu ikishasimbuliwa bado haijafika machoni, na safari hii ya mwisho, kutoka kisimbuzi hadi skrini, ndiyo inayopuuzwa kuliko zote ilhali ndiyo yenye nafasi kubwa kwetu.

Chukueni suala la weusi. Video nyingi huhifadhi mwanga kwa namba kuanzia 16, ambayo ni nyeusi, hadi 235, ambayo ni nyeupe, wakati skrini ya kompyuta hutarajia 0 hadi 255. Mahali fulani njiani namba hizo lazima zitanuliwe, mara moja tu. Zisipotanuliwa, usiku wa kwenye filamu huwa kijivu na nyeupe hupoa. Zikitanuliwa mara mbili, vivuli humezwa na kila kilichokuwa ndani yake hutoweka. Kosa hili hutokea sana kompyuta inapounganishwa kwenye televisheni kwa waya wa HDMI, na dawa yake ni kuoanisha mpangilio wa kadi ya grafiki na wa televisheni. Nimeona chumba kizima kikishangaa kana kwamba skrini imebadilishwa, na kumbe lilibadilishwa chaguo moja. Jambo linalokaribiana na hilo ni video za HDR: zimeandikwa kwa mizani nyingine ya mwanga na rangi, na zikionyeshwa kwenye skrini ya kawaida bila kugeuzwa hutoka zimepauka. Hapo unahitaji programu inayojua kuzigeuza, na mpv huifanya kazi hiyo vizuri sana.

Kisha kuna mwendo. Filamu huwa na fremu 24 kwa sekunde, na skrini nyingi hujichora upya mara 60. Sitini ikigawanywa kwa ishirini na nne ni mbili na nusu, na kwa kuwa skrini haiwezi kuonyesha fremu mara mbili na nusu, fremu moja huonyeshwa mara mbili na inayofuata mara tatu, yaani milisekunde 33, kisha 50, kisha 33. Kamera inapozunguka polepole, macho huuona mtikisiko huo, na mtu hudhani kompyuta imechoka ingawa hakuna fremu hata moja iliyopotea. Skrini ya mara 120 hulimaliza tatizo hilo, kwa sababu 120 hugawanyika kwa 24 na kwa 30 bila baki. Kwa video ya fremu 25, kuiweka skrini kwenye mara 50, kama inakubali, huleta utulivu unaoonekana mara moja.

Video ndogo ikipanuliwa ijaze skrini kubwa, programu lazima ibuni pikseli za katikati. Njia nyepesi hutoa picha yenye ukungu. Njia kama Lanczos hutoa kingo zilizonyooka zaidi, ingawa zikikazwa mno huacha mistari ya kivuli kandokando ya kingo. Video za zamani za televisheni, zilizorekodiwa kwa mistari inayopishana, nazo huhitaji kichujio cha kuiunganisha mistari hiyo, la sivyo kila kinachosogea huwa na meno kama ya kitana. Kuhusu vichujio vya kuongeza ukali, mimi siwashauri mvitumie kwenye video iliyobanwa sana, kwa kuwa hukoleza vilevile mipaka ya vile viraka tunavyotaka visionekane.

Na niwasihi kuhusu faili zenu za zamani. Wako wanaochukua video ya miaka mingi, iliyosimbwa kwa muundo wa zamani, wakaisimba upya kwa HEVC wakiamini kwamba muundo mpya utaleta picha mpya, kisha wakaifuta ile ya kwanza. Kila kusimba upya kwa njia hizi ni kukadiria upya, na kila kukadiria ni kutupa. Ikiwa tatizo lenu ni kasha tu, FFmpeg inaweza kuhamisha video kutoka kasha moja hadi jingine bila kuisimba upya, kwa dakika chache na bila kupoteza hata biti moja ya picha. Ikiwa lazima msimbe upya, x264, kisimbaji cha H.264, ina kipimo cha ubora kiitwacho CRF, ambacho huanza na 23 msipochagua namba yenu, na namba ikishuka ubora hupanda na faili hukua. Lakini faili ya asili itunzeni. Video ya harusi au ya mzazi aliyetangulia haipatikani tena ikishatupwa.

Tukihamia kwenye majaribio, nitatumia njia moja ambayo kila mmoja wenu anaweza kuirudia nyumbani: kusimamisha video pale tatizo linapoonekana. Fremu iliyosimama ikiwa safi, na tatizo likarudi tu video inapoendelea, tazama muda: sakiti, draiva, kisimbuzi, au mdundo wa skrini. Fremu iliyosimama ikiwa na viraka, tatizo liko ndani ya faili, na kinachohitajika ni nakala bora ya faili hiyo. Ikiwa imesimama ikiwa na maumbo safi lakini rangi zimepauka au vivuli vimemezwa, nenda kwenye mipangilio ya mwanga na rangi. Faili ya kwanza nitakayoifungua ni HEVC ya 4K ya biti 10, na kompyuta hii niliyokuja nayo haina sakiti ya kuisimbua. Nawaomba mtazame namba ya fremu zilizopotea, pale juu kushoto mwa skrini, kuanzia ninapobonyeza kitufe hiki.